Daftari la Msafara

Jeshi ni watu wenye silaha; lakini kabla ya kuwa watu wenye silaha ni watu wenye matumbo ya kushibishwa, miguu ya kuvishwa viatu, na majeraha ya kufungwa. Mwenye kuhesabu bunduki asihesabu magunia ya unga hajaijua nguvu ya jeshi. Amezijua kelele zake tu. Wasomaji wa tarehe hupenda sana habari za majemadari na mapambano, wala si ajabu, maana moyo wa binadamu huvutwa na kishindo. Hata hivyo vita vingi viliamuliwa ghalani, barabarani na daftarini, kabla risasi ya kwanza haijalia. Nia yangu katika insha hii ni kusema maneno machache juu ya daftari hilo: jinsi lilivyokuwa zamani katika nchi ya Unyamwezi, jinsi lilivyogeuka kuwa programu ya kompyuta katika siku zetu, na jambo moja ambalo halikubadilika baina ya hali hizo mbili.

Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili, si kufundisha vita. Lakini mtu apitaye Nzega mara kwa mara, kama nipitavyo mimi, hawezi kukwepa kufikiri juu ya mizigo. Nzega ni njia panda. Barabara itokayo Singida kwa njia ya Igunga hukutana hapo na ile itokayo Tabora, zikaenda pamoja kaskazini hata Tinde, na huko zikagawanyika tena: moja kwa Shinyanga na Mwanza, nyingine kwa Kahama hata mpaka wa Rwanda kule Rusumo. Malori husimama hapo mchana na usiku. Madereva hushuka, hunawa uso, hula wali, hujinyoosha kidogo, kisha huondoka. Katika mengi ya malori hayo mna chombo kidogo kinachotoa habari za safari kwa mwenye mali. Tajiri aliyeketi Kigali au Dar es Salaam hujua kwamba lori lake limesimama Nzega dakika 40. Hajui kama dereva wake ana homa. Chombo kimefanywa kijue mzigo. Hakikufanywa kijue mchukuzi.

Tofauti hiyo ni kongwe katika nchi hii. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo ikafika Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora, na kutoka hapo ikatoa matawi: moja kwa Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika hata Kongo, jingine kaskazini kwa Nyanza, Karagwe na Buganda. Burton na Speke walifika huko, mahali walipopaita Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, na mwaka uliofuata Speke akapita katika nchi hii ya kaskazini hata akauona ule ziwa mkubwa. Hawakufungua njia. Walifuata njia iliyokwisha kulainishwa na nyayo za Wanyamwezi, ambao upagazi kwao ulikuwa ni kazi ya heshima, na kijana aliyekuwa hajaiona pwani alihesabiwa kama mtu asiyekomaa.

Msafara ulikuwa na mpango wake. Mbele alikwenda kirangozi, nyuma yake mstari mrefu wa wapagazi, na kila mmoja amejitwika mzigo wa karibu frasila 2, yaani kilo 30 na ushei. Mtumba wa merikani au kaniki, shanga na masango ya shaba vilikuwa ndivyo bidhaa na fedha kwa pamoja. Tajiri alitakiwa kujua mambo matatu kila siku: mitumba mingapi ingali mizima, posho ya siku ngapi imebaki, na hongo ya mtemi wa nchi inayofuata itakuwa kiasi gani. Tazama jinsi maneno yalivyosafiri. Posho ingali posho, ila sasa husagishwa kwa mashine. Mtumba umekuwa nguo kuukuu ya sokoni. Hongo, iliyokuwa kodi ya njia yenye kujulikana na wote, imekuwa neno la aibu. Maneno haya matatu yalikuwa safu tatu za daftari la msafara, na asiyeweza kuzijumlisha alikwama kabla ya kufika Ugogo.

Mpagazi hakuwa na safu yake. Katika hesabu ya tajiri alikuwa sehemu ya mzigo, kama kamba iliyoufunga. Lakini alikuwa na jawabu. Mpagazi huru alijadili ujira kabla ya kuondoka, alikataa mzigo uliopita kiasi, na posho ilipopunjwa aliutua mzigo chini akaketi. Mtumba uliotuliwa chini ulikuwa hoja nzito kuliko hotuba. Msafara wa watu 300 ulisimama pale pale, na tajiri, apende asipende, alilazimika kusikiliza. Kwa hiyo upungufu wa daftari ulirekebishwa na mchukuzi mwenyewe: lile ambalo halikuandikwa kwa wino lilisemwa kwa kitendo.

Katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 kinywa hicho kilifungwa. Majeshi ya Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji yalipigana katika nchi ambayo ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, na reli zilikuwa chache. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, lakini ile ya Mwanza ilikuwa haijajengwa. Ilimalizika mwaka 1928. Jeshi la Kibelgiji, likiongozwa na Jenerali Tombeur, liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na kila risasi iliyopigwa katika mashambulio hayo mbali na reli ilikuwa imebebwa kwa kichwa cha mtu. Hapo ndipo hesabu ya lojistiki ilipodhihirisha ukatili wake. Tuseme mtu anachukua kilo 25 za chakula, naye hula kilo 1 kwa siku. Akienda mwendo wa siku 10 na kurudi siku 10, amekula kilo 20 njiani. Kwa askari aliyeko mbele amefikisha kilo 5 tu. Jemadari anayetaka kwenda mbali zaidi ana njia mbili: aongeze wapagazi, au apunguze posho yao. Zote mbili zilitumika.

Upande wa Waingereza peke yake wapagazi wanakadiriwa kukaribia milioni 1, na waliokufa kuzidi 95,000, wengi wao kwa kuhara, nimonia, njaa na uchovu, si kwa risasi. Hawakuwa tena wapagazi huru wa Unyanyembe. Wengi walikamatwa, na kutua mzigo kukawa kosa la kupigwa viboko. Daftari lilikuwapo, tena makarani walijitahidi. Lakini majina yaliandikwa na watu wasioyajua, watu wawili wakawa na jina moja, mmoja akawa na majina mawili, na aliyekufa porini hakuwa na wa kumfuta. Vita vilipokwisha, mishahara mingi ya marehemu haikulipwa kwa kuwa warithi hawakupatikana. Kariakoo ya Dar es Salaam yachukua jina la kikosi chao kwa matamshi yetu. Soko zima limebeba jina la kikosi, na watu wenyewe hawana majina. Mwaka 2021 tume iliyoundwa na taasisi ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na yamkini hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Daftari lilijua magunia yaliyofika. Halikujua nani aliyeyafikisha.

Wengine watasema dawa yake ilikuwa kuandika zaidi. Wakoloni wa Kenya waliandika zaidi. Baada ya vita walimvika kila mwanamume Mwafrika kipande shingoni, chenye jina lake na alama za vidole vyake, wapate kumrudisha aliyemtoroka tajiri wake. Basi kuandikwa peke yake si heri. Daftari laweza kuwa ushahidi wa haki ya mtu, na laweza kuwa kamba ya kumfungia. La kuuliza ni hili: je, daftari hili lamsemea aliyeandikwa, au lamsema tu?

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na mapema Novemba yakavunja daraja la Kyaka. Jeshi la Wananchi lilikuwa na askari wachache sana upande ule, na nchi ni kubwa. Katika muda wa wiki chache jeshi lilikua kutoka pungufu ya watu 40,000 hadi zaidi ya 100,000, pamoja na mgambo, na watu wote hao walitakiwa wafike magharibi mwa Nyanza wakiwa na chakula, mafuta na risasi. Reli ya kwenda Mwanza ilipitisha askari Tabora na Bukene; mabasi na malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa. Hapakuwa na kompyuta ya kupanga safari hizo. Palikuwa na simu, karatasi ya kaboni, na maofisa waliokesha. Mzee mmoja wa Nzega, aliyekuwa utingo wa lori wakati ule, alinisimulia kwamba walipewa hati wakaambiwa waitunze kuliko lori lenyewe, maana lori lingeweza kuharibika njiani, lakini hati ilikuwa ahadi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, katika Mkoa wa Kagera, na makaburi yao yana majina. Nikilinganisha Kaboya na mapori ya mwaka 1916, naona kwamba taifa lilikuwa limejifunza jambo, ingawa lilitumia kalamu tu.

Sasa tufike katika zama zetu. Leo majeshi makubwa ya dunia hayaendeshi ugavi wake kwa kalamu. Hutumia programu zile zile kubwa ambazo viwanda na mabenki hutumia kuunganisha shughuli zote za taasisi. Jeshi la nchi kavu la Marekani lina mfumo uitwao GCSS-Army, uliojengwa juu ya programu za SAP, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa mwaka 1972; na jeshi la Ujerumani lenyewe lina wake, uitwao SASPF, wa asili hiyo hiyo. Siri ya programu hizi si kubwa kama wauzaji wanavyoipamba. Ni kanuni moja: jambo moja liandikwe mara moja, mahali pamoja, na wote wenye haki walione. Fundi wa magari anapoomba pampu ya mafuta, ombi lake huonekana ghalani; ghala likikosa, agizo hupelekwa kwa muuzaji; fedha yake hutengwa saa ile ile; pampu ikifika, mpokeaji hukiri kuipokea, na mlipaji halipi mpaka akiri. Zamani kila hatua ilikuwa na daftari lake na karani wake, na madaftari yalipopingana, lori lilisubiri.

Katika kupeleka askari kwa haraka faida yake ni kubwa. Batalioni ya watu 850 yahitaji mahema, maji, dawa, jenereta, magari na vipuri vya magari hayo. Kila kitu kina uzito na nafasi yake ndani ya ndege au meli. Ikiwa ghala lajulikana kweli, mpangaji aweza kuuliza usiku na kupata jibu kabla ya alfajiri: kipi kiko tayari, kipi chapungua, kipi kitangulie. Kwa daftari la karatasi swali hilo lilichukua wiki, na katika wiki moja mji huweza kutekwa.

Mfumo wa namna hiyo ulio karibu nasi kuliko yote una jina la Kiswahili. Umoja wa Mataifa, ulipoamua kuunganisha hesabu zake za fedha, watumishi na vifaa katika programu moja, iliyojengwa pia juu ya SAP, uliuita mfumo huo Umoja. Ulianza kazi mwaka 2013, kwanza Lebanon mwezi wa Julai, kisha mwezi wa Novemba katika operesheni za kulinda amani kwa jumla. Hapo awali vifaa vilikuwa na mfumo wake na fedha mfumo wake, na misheni moja haikujua wazi ghala la misheni nyingine lina nini. Baadaye Umoja ulipanuliwa, ukachukua mnyororo wa ugavi na mambo ya vikosi vyenye sare. Kituo cha Entebbe, Uganda, huhudumia misheni za Afrika, na bohari la Brindisi, Italia, huweka akiba ya vifaa vya kupelekwa kwa haraka.

Kama mwalimu wa lugha nilifurahi kwa jina hilo, kisha nikatulia nikalifikiri. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili si mojawapo. Jina ni letu. Maneno yaliyo ndani yake ni ya wengine. Hili si jambo la kulalamikia tu. Daftari husema kwa lugha ya aliyelitunga, na kile ambacho mtungaji hakukipa safu hakitaonekana, hata kama mlangoni pameandikwa neno zuri. Neno umoja katika Kiswahili halina maana ya kuweka vitu katika orodha moja. Maana yake ni kwamba likimpata mmoja limewapata wote.

Mwaka huo huo wa 2013, tarehe 28 Machi, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2098 lililounda Kikosi cha Kujibu Mashambulizi katika mashariki ya Kongo, chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. Mpaka Novemba waasi wa M23 walikuwa wameshindwa. Ndivyo watu wetu walivyorudi tena ng'ambo ya maziwa, katika nchi ambazo babu zao walizifikia kwa miguu wakiwa na mitumba kichwani. Safari hii kila mmoja alikuwa na safu yake katika daftari. Kuanzia Julai 2018 Umoja wa Mataifa ulilipa dola 1,428 kwa mwezi kwa kila askari, na malipo hayo hupewa serikali iliyompeleka. Magari na vifaa vya kikosi hukaguliwa, na serikali hurejeshewa gharama ya kile kinachofanya kazi. Ikilinganishwa na mwaka 1916, hiyo ni neema ambayo mtu mwadilifu hawezi kuikana.

Lakini jioni ya tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu kule Semuliki, katika eneo la Beni, ilishambuliwa. Walikufa 15, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Uchunguzi maalumu wa Umoja wa Mataifa, ambao matokeo yake yalitangazwa mwezi wa Machi 2018, ulieleza kwamba misheni haikuwa na mpango wa dharura wenye kutekelezeka wa kuwaongezea nguvu walinzi wake wala kuwatoa, na kwamba palikuwa na upungufu katika uongozi, katika mafunzo, na katika nyenzo za lazima kama vile ndege, wahandisi na habari za kijasusi. Sisemi kwamba programu ndiyo iliyokosa, maana programu haina mikono. Nasema kwamba idadi ya askari wale ilijulikana, mahali pao palijulikana, na posho yao ilijulikana. Na kujulikana huko hakukutosha kuwaletea msaada kwa wakati.

Hapa ndipo naona lile jambo moja ambalo halikubadilika. Mpagazi huru wa Unyanyembe alijisemea mwenyewe kwa kutua mzigo. Mpagazi wa 1916 alikatazwa kuutua, na daftari likanyamaza. Akafa bila jina. Askari wa leo naye haruhusiwi kutua mzigo. Amri humweka mahali, na utii wake ndio heshima yake. Kwa sababu hiyo asiyeruhusiwa kutua mzigo ana haki ya kusemewa na daftari, na aliyeandika daftari ana wajibu wa kulisikiliza. Mfumo unaomwonyesha mkubwa kwamba kambi fulani ina watu kadhaa, lakini haumwulizi ndege ya kuwafikia iko wapi, bado ni daftari la tajiri wa msafara, ingawa lina umeme ndani yake.

Tena kuna hatari ya pili. Kompyuta haisemi uongo, lakini huuamini upesi kuliko karani wa zamani. Karani aliyeishi ghalani alijua kwamba magari 12 ya karatasini ni magari 8 uwanjani, kwa kuwa alipita kando ya yale 4 mabovu kila asubuhi. Mfumo hujua alichoambiwa tu. Ofisa anayeandika kwamba gari ni zima ili kuficha uvivu wake au kulinda malipo amechukua risasi ya mwenzake bila kuiba ghalani. Haraka inayojengwa juu ya hesabu ya uongo ni haraka ya kufika penye maafa.

Vijana wetu wanaosoma elimu ya kompyuta katika vyuo vikuu wataitwa kutunga mifumo ya namna hii, kwa majeshi, kwa hospitali, kwa bohari za dawa na kwa chakula cha maafa. Nawausia mambo mawili. Kwanza, waipe safu ile hali ambayo mchukuzi angeisema kama angeweza kutua mzigo: homa yake, njaa yake, umbali wake na msaada, na jina lake kama mama yake alivyomwita. Pili, wahakikishe kwamba safu hiyo ikipiga kelele kuna mtu mwenye jina na cheo ambaye ni lazima ajibu. Wakifanya hivyo watakuwa wamelilipa deni ambalo hawakulikopa wao, deni la watu walioipanda njia hii ya Unyamwezi na mizigo vichwani, mizigo yao ikahesabiwa, wao wasihesabiwe.